Bolti za kifaru zinahesabiwa, milango ya Kibumba haihesabiwi

GOMA – Kijana mmoja wa mji wa Goma amemaliza miezi minane akijenga kifaru ndani ya kompyuta. Ni T-55, kile kifaru cha Kisovieti ambacho familia nyingi za teritware ya Nyiragongo na ya Rutshuru zilikijua kwa masikio kabla ya kukijua kwa macho, maana ndicho jeshi la serikali lilikuwa likipitisha kwenye barabara ya Goma–Rutshuru katika vita vya 2012 na 2013. Kila pingili ya mnyororo ameichora, kila bolti ameiweka mahali pake. Umeme ukikatika anatoka kukaa kibarazani akingoja, na hapo ndipo majirani wanamkamata. Maneno ni yale yale kila siku: watu wamelala chini ya mabashi, wewe unachora chombo kilichowakimbiza. Huna haya?

Wanaosema hivyo wana uchungu wao, na uchungu huo una sababu. Lakini wamegombeza mtu asiyestahili. Kwa miezi hiyo minane kijana huyo amekifanyia kipande cha chuma kazi ambayo watu wa vijiji vya kati ya Kibati na Kibumba hawajaiona ikifanyiwa nyumba zao. Wa kugombezwa wako kwingine, na wengi wao wana magari na viyoyozi.

Kwanza kazi yenyewe ieleweke. Anayeitazama kwa mbali anafikiri ni kuchora. Sehemu kubwa ni kupima. Programu anayoitumia, Blender, ni ya bure. Ukishaishusha mara moja haili mega tena. Halafu inaanza safari ya vipimo, michoro ya kiwandani, na mamia ya picha zilizopigwa kwenye makumbusho ya nchi za nje. T-55 ilianza kutengenezwa mwaka 1958. Uzito wake ni tani 36, mzinga wake ni wa milimita 100, ndani wanaingia watu wanne: dereva mbele upande wa kushoto, na kamanda, mpiga mzinga na mpakiaji katika kichwa kinachozunguka. Kuna T-54, kaka yake, kinachofanana nacho kama pacha, na hapo ndipo wengi wanapotea. T-54 kina kitu kama uyoga wa chuma juu ya kichwa, cha kupitisha hewa. T-55 hakina. Magurudumu ni matano kila upande, na kati ya la kwanza na la pili kuna nafasi pana kuliko kati ya hayo mengine. Anayeyapanga kwa umbali sawa ameharibu kifaru chote, hata kama rangi inang'aa vipi. Mnyororo wa zamani una pingili 90 kila upande, na upande wa juu unalala juu ya magurudumu, kwa kuwa hakuna vigurudumu vidogo vya kuubeba. Gurudumu lenye meno, linalouvuta, liko nyuma. Kichwa kilimiminwa kiwandani kama mafundi wa mtaani wanavyomimina sufuria za aluminiamu, kwa hiyo ngozi yake ina vinundu na makovu. Anayeichora laini kama yai amedanganya.

Na kuna sheria moja inayoongoza yote: hakuna kukisia. Sehemu ambayo kijana hana picha yake anaipaka rangi nyekundu na kuiacha, mpaka ushahidi upatikane. Chini ya sakafu ya dereva palibaki pekundu kwa wiki sita.

Hii si tabia yake peke yake. Duniani kote kuna watu wanaokijali kifaru cha zamani kwa namna hiyo. Katika makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, kuna kifaru cha Kijerumani aina ya Tiger, nambari 131. Kilitekwa katika bara hili hili la Afrika, nchini Tunisia, Aprili 1943. Risasi ya mzinga ilikwamisha kichwa chake kisizunguke, waliokuwa ndani wakakiacha na kukimbia. Baadaye kilionyeshwa huko Tunis kwa Mfalme George VI na kwa Churchill, kikasafirishwa Uingereza, na hadi leo kinatembezwa kwa injini mbele ya watazamaji. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba kilitekwa tarehe 21 Aprili. Mtu mmoja akatilia shaka, kwa sababu masimulizi ya baba yake, aliyekuwa askari kule, hayakulingana na maandishi. Akapekua ripoti za vikosi, akalinganisha picha, akalinganisha alama za risasi kwenye chuma. Mwishowe makumbusho ikakubali: ni tarehe 24, na ni kilima kingine kabisa, si kile kilichokuwa kimeandikwa.

Siku tatu. Utafiti wote ule kwa ajili ya siku tatu na kilima kimoja, na hakuna aliyemwambia kwamba anapoteza wakati.

Au mfano mwingine, wa ukoo huu huu wa T-54 na T-55. Tarehe 30 Aprili 1975 vifaru vya Vietnam ya Kaskazini viliingia kwenye ikulu ya Saigon, vita vikaisha. Kwa miaka kama ishirini wananchi wa Vietnam walifundishwa kwamba kifaru nambari 843 ndicho kilichovunja lango kuu kwanza. Kumbe mpiga picha Mfaransa, Françoise Demulder, alikuwa ndani ya uwanja siku hiyo. Picha zake zilipokuja kujulikana kule katika miaka ya 1990, zilionyesha wazi: kilichopita lango kuu ni nambari 390, kifaru kilichotengenezwa China kwa kuiga T-54, na 843 kilikuwa kimekwama kwenye lango la pembeni. Wanaume wanne waliokuwa ndani ya 390 walikuwa wameishi miaka yote hiyo kimya, historia ikiwapita. Leo mtu anayejenga modeli ya kifaru cha Saigon akiweka nambari isiyo yake anasahihishwa kabla hajamaliza kikombe cha chai.

Ukirudi Kivu, mambo yanageuka.

Oktoba 2023, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lilitangaza kwamba Kongo ina wakimbizi wa ndani milioni 6.9. Nambari hiyo ilisomwa redioni, watu wakaisikia na kuendelea kuosha sahani. Lakini itazamwe vizuri hiyo tisa iliyo baada ya nukta. Tarakimu moja pale ni watu laki moja. Kambi zima la watu elfu ishirini linaweza kuingia au kutoka, na nambari isitikisike. Mwaka 2008 shirika la IRC lilikadiria kwamba waliokufa tangu 1998 kwa sababu ya vita, njaa na magonjwa yaliyofuata ni milioni 5.4. Wataalamu wengine wakaipinga hesabu hiyo, na tofauti kati yao ni ya mamilioni. Kule Tunisia walibishania siku tatu. Hapa wanabishania mamilioni ya watu, mabishano yanaisha, mkutano unafungwa, chakula cha mchana kinaletwa.

Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliwaangukia wakimbizi wa ndani huko Mugunga na Lac Vert, magharibi mwa Goma. Siku ile ilitajwa hesabu moja ya waliokufa, siku zilizofuata ikatajwa nyingine kubwa zaidi, kila mzungumzaji na yake. Hema gani liliangukiwa kwanza, lilikuwa mstari wa ngapi, nani alikuwa mlangoni akipika? Yapo majibu, lakini yamo vichwani mwa watu, na vichwa hivyo vimetawanyika. Februari 2025 makambi yaliyozunguka Goma yalivunjwa, familia zikaondoka na mabashi mgongoni kwa muda wa siku chache. Pale palipokuwa na mitaa mizima ya mahema pamebaki mawe meusi, na upepo. Kifaru kilichotupwa Tunisia mwaka 1943 kinajulikana kilielekea upande gani. Mama aliyezaa katika hema huko Bulengo hawezi kumwonyesha mwanawe mahali hema lilipokuwa.

Isisemwe kwamba makadirio hayana kazi. Yanafaa kwa kuagiza unga, maharagi na dawa ya kipindupindu. Lakini yasivae nguo ya historia. Hayafai mbele ya hakimu, na hayafai kabisa siku familia inarudi kwenye shamba lake na kukuta mti wa mpaka umeng'olewa, jirani mpya amepanda viazi mpaka mlangoni. Siku hiyo anayeulizwa ni kila mwenye nyumba peke yake: ulikuwa unaishi wapi hasa, mlango ulitazama wapi, nani shahidi? Milioni 6.9 haisaidii chochote pale.

Wenye ofisi wana majibu yao tayari. La kwanza ni usalama: vita haviishi, hakuna anayeweza kwenda kupima. La pili ni pesa. La tatu, linalosemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba wakimbizi hawakumbuki vizuri, wanachanganya siku, wanaongeza chumvi.

Jibu la kwanza na la pili yanaangushwa na huyo kijana wa kibarazani. Hajawahi kukanyaga kiwanda cha Urusi. Hajawahi kupima T-55 kwa mita. Alitumia picha za wengine, michoro ya wengine, kompyuta iliyokwishatumika na programu isiyo na bei. La tatu lilikwisha jibiwa zamani. Mwaka 2016 kundi la watafiti la London linaloitwa Forensic Architecture, pamoja na Amnesty International, lilijenga modeli ya kidijitali ya jela la Saydnaya nchini Syria. Hakuna mtafiti aliyeruhusiwa kuingia humo. Hata waliofungwa hawakuliona vizuri, kwa kuwa walifungwa macho na kuwekwa gizani. Basi watafiti wakawauliza walichosikia: hatua za miguu, mlango unavyojifunga, maji yanavyodondoka, mwangwi wa korido. Kutokana na masikio ya watu watano sita jengo likasimama kwenye kompyuta. Nani atasema kwamba masikio ya watu wa Kibumba ni mabovu kuliko hayo? Watu wanaotofautisha mlio wa bomu linalokwenda na linalokuja?

Hata hapa Kongo imewahi kuonekana kwamba inawezekana. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, ile inayoitwa Mapping, iliorodhesha matukio 617 ya kati ya 1993 na 2003, moja moja, na mahali pake. Kuwa imewekwa kabatini na waliotajwa wanatembea ni aibu ya wengine. Waliokusanya walionyesha kwamba kazi inafanyika.

Sasa neno kwa wapenzi wa vifaru nao, wasije wakafikiri wamesifiwa bure. Usahihi wao una kilema. Ukitazama modeli nyingi za T-55 zinazouzwa na kugawanywa, kifaru kimesimama peke yake juu ya sakafu ya kijivu, kisafi au chenye kutu ya kupendeza, mfuniko wazi, ndani hakuna mtu. Kinazungushwa kama keki ya harusi. Anayekitazama anajua unene wa chuma, hajui hata kidogo kilifika wapi na kilimfanya nini nani. Kijana wa Goma naye alikuwa anaelekea huko huko. Aliyemtoa ni mama mmoja wa Kibumba, anayeishi kwa familia iliyompokea nyumba ya pili.

Mama huyo alipita kuomba kuchaji telefone, akaona kioo cha kompyuta, akasimama. Kijana akategemea matusi. Mama akasema tu kwamba chombo hicho si chenyewe. Kile alichokiona yeye kikipita barabarani mwaka 2013 kilikuwa na godoro limefungwa nyuma kwa kamba, juu ya ile sehemu yenye injini, na sufuria nyeusi, na mabidoni ya njano mawili. Mbele, upande wa dereva, bati la juu ya mnyororo lilikuwa limepinda kuelekea juu, na kwenye lile pindo kulikuwa na kipande cha ubao wa rangi ya buluu. Ubao huo aliufahamu. Ulitoka kwenye duka la shemeji yake, pale kwenye kona, ambalo halikuwa tena duka.

Kijana aliongeza godoro. Mtu wa Ulaya anayebadilishana naye michoro akamwandikia aliondoe, kwa kuwa katika vitabu hakuna picha ya T-55 yenye godoro. Hapo ndipo hoja yote ilipo. Kitabu hakina godoro kwa sababu aliyekiandika hakumwuliza mama wa Kibumba. Askari wa Tunisia alisimulia, mtoto wake akasikilizwa, kilima kikahamishwa kwenye historia. Mama wa Kibumba amesimulia, anaambiwa hakuna picha. Sheria ya kutokukisia ni nzuri. Lakini shahidi aliyesimama hatua kumi kutoka kwenye mnyororo hakisii. Bati lililopinda na ubao wa buluu ni vipimo kama milimita 100 ilivyo kipimo.

Godoro limebaki. Ubao pia.

Wazazi wasikie jambo moja hapa, kwa sababu kazi hii isije ikaua mtoto wa mtu. Kinachojengwa kwenye kompyuta kinajengwa kwa picha zilizokwisha kutangazwa na kwa kumbukumbu za watu. Hakuna ruhusa ya kwenda kupiga picha gari la jeshi lolote barabarani, la upande wowote. Telefone imewaingiza watu matatani kwa jambo dogo kuliko hilo. Na kifaru kilichoharibika, kilichoachwa kando ya shamba, si mahali pa watoto kupanda wala pa wauza vyuma kukata. T-55 hubeba makombora 43. Ambayo hayakupigwa yanaweza kuwa bado yamo ndani, na hayajali kwamba vita vilihamia kwingine. Anayekiona ajulishe watu wa kutegua mabomu, asiguse.

Linalodaiwa sasa ni dogo, na ndiyo maana linaudhi kwamba halifanyiki. Makambi yalipokuwepo, watu wa mashirika walikuja na fomu zao mara nyingi kuliko maji. Waliuliza majina, umri, idadi ya watoto, kijiji cha kutokea. Hapo wakafunga daftari. Lingeongezwa swali moja: mlango wa nyumba yako ulitazama wapi, na jirani yako wa kuume ni nani? Kwa swali hilo, familia hamsini zinatosha kurudisha mtaa mzima, kwa sababu jirani wa huyu ni shahidi wa yule. Machifu wa vijiji wanajua mipaka. Maparokia yana vitabu vya ubatizo vyenye majina ya mitaa. Walimu wanajua watoto walitokea njia gani. Nyumba za mbao za upande huo zikichomwa zinaacha msitari wa mawe ya msingi, na anayerudi anaweza kuyahesabu kwa hatua za miguu bila kumwomba mtu kibali. Wenye ofisi zenye umeme wa saa ishirini na nne wamekosa nini ambacho kijana wa kibarazani anacho?

Yeye, kwa ajili ya ubishi na yule mtu wa Ulaya au kwa ajili ya mama, ameanza faili lingine. Kifaru kimewekwa kando kwanza. Jioni tatu zilizopita mama amekaa kwenye kigoda karibu na kompyuta, anaongoza kwa kidole: hapa kona, hapa duka la shemeji, hapa mti wa avoka, jiko liko nyuma, si kando, sogeza. Watoto wake wawili wakubwa wameitwa kusaidia. Nyumba sita zimesimama, zikiwa na milango na majina ya wenyewe yakiandikwa kwenye karatasi pembeni. Ya saba haina paa bado. Kaka anasema lilikuwa la mabati, dada anasema la nyasi, mabati yalikuwa yamenunuliwa lakini hayajapigiliwa. Kijana amelipaka rangi nyekundu mpaka apatikane mtu wa tatu. Inasemekana mwenye nyumba hiyo aliонekana Sake mwezi uliopita, akiuza mkaa.